Kwa Baba, Kuhusu Wamarekani wa Jana

Columbus, Ohio

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, na baridi imeanza kupungua.

Uliniuliza katika barua yako kama Wamarekani walikuwa hivi tangu zamani, wapenda vitu vipya na wenye vijana wasioshikika nyumbani. Jibu nimelipata kwa Frederick Lewis Allen, mhariri wa jarida la Harper's, ambaye kitabu chake Only Yesterday kilitoka mwaka 1931. Kinasimulia miaka ya tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918 hadi soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929, yaani mambo ambayo wasomaji wake walikuwa wameyapitia wenyewe juzi tu.

Hakuanza na marais. Alianza na bwana na bibi wa kubuni wa mwaka 1919, akieleza wanavaa nini, wanakula nini asubuhi, na kwamba hawana redio ya kusikiliza, kwa kuwa ni mwishoni mwa mwaka 1920 tu ndipo kituo cha redio cha KDKA cha Pittsburgh kilipotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Gauni lililokaribia vifundo vya miguu likapanda hadi magotini kabla muongo haujaisha.

Lakini kwangu mimi kiini cha yote ni gari. Magari ya abiria yalikuwa chini ya milioni 7 mwaka 1919. Miaka kumi baadaye yalizidi milioni 23. Ya mwanzo mengi yalikuwa wazi, yenye turubai tu, na kila mtu aliona nani ameketi na nani. Yalipofunikwa kwa bati na vioo, vijana wakapata chumba chenye magurudumu, mbali na macho ya wazazi, na hapo sitaendelea kwa kuwa naandika kwa baba yangu. Ukipita mitaa ya hapa utayaona mabadiliko hayo hadi kwenye nyumba: zile za zamani zimeficha banda la gari uani, kwenye uchochoro, ilhali nyumba mpya zimeliweka mbele, na lango lake linaushinda ukubwa mlango wanaoingilia wageni.

Nina ugomvi naye kwa jambo moja. Watu weusi anawataja penye ghasia, kama zile za Chicago za Julai 1919 zilizoua watu 38, lakini safari ya malaki yao waliohama kutoka Kusini mwa Marekani kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Chicago na Detroit karibu haionekani, na sidhani kama gauni fupi lilikuwa badiliko kubwa kuliko hilo.

Ukipata nafasi, niandikie mlikuwa na vitu gani nyumbani mlipooana na Mama, na kipi kilitangulia kati ya redio na baiskeli. Mama, shangazi na majirani wote nisalimie.

Ni mimi mwanao,
Salimu