Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyenunua nyumba Blacktown

Mpwa wangu,

Hongera tena kwa nyumba hapo Blacktown, pembezoni mwa Sydney. Mama yako ametuonyesha picha za jiko mpaka tumezikariri. Ila leo sikuandikii habari za jiko. Nakuandikia kuhusu ile sauti uliyotuma kwenye grupu la ukoo, ukilalamika kwamba huko Australia wenyeji wa asili, Waaborijini na wenzao wa visiwani, wanagawiwa ardhi bure wakati wewe utalipa mkopo wa benki hadi uzeeni, kwamba kila mkutano kazini lazima uanze kwa kuwataja kama wenye asili wa ardhi, na kwamba ipo siku watakuja kudai hata uani kwako. Binamu zako walicheka, wengine wakaweka dole. Mimi nilinyamaza, maana habari za ardhi hazijibiwi kwa emoji. Nimefanya kazi ya upimaji maisha yangu yote, nimepanda bikoni kuanzia Kilosa hadi Ulanga, na kama kuna jambo nalijua ni jinsi karatasi inavyoweza kumtoa mtu mahali alipozaliwa. Naiweka barua hii hadharani kwa sababu vijana wetu wengine walioko Perth na Melbourne nao wanasema kama wewe.

Tuanze na uani, ili upate usingizi. Hakuna atakayeuchukua. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ya mwisho, iliamua kesi ya Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kule mlango bahari wa Torres. Ikakubali kwamba wenyeji walikuwa na haki zao za ardhi kabla Mwingereza hajatia nanga, na kwamba haki hizo hazikufa kwa bendera kupandishwa. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu. Alifariki Januari ya mwaka huohuo. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema kwamba pale serikali ilipokwisha kumpa mtu umiliki kamili, haki ya mwenyeji imezimika. Mwaka 1998, katika kesi ya Walarrakia wa Darwin, mahakama ikakaza zaidi: haki iliyozimwa hivyo haifufuki, hata kiwanja kikirudi mikononi mwa serikali. Kwa hiyo hati yako iko salama kabisa. Aliyepaswa kuiogopa ni mwenyeji wa hapo, na yeye alikwisha kupoteza siku gavana alipotia saini hati ya kwanza kabisa ya ardhi hiyo.

Halafu hilo la bure. Waliogawiwa bure huko ni walowezi, tena kwa miongo. Magavana wa New South Wales, koloni ambalo leo ndilo jimbo lako, waligawa ardhi bila malipo mpaka 1831. James Ruse, aliyeletwa kutoka Uingereza kama mfungwa, alipata ekari 30 pale Parramatta. John Macarthur akapata ekari 5,000 mwaka 1805 kwa maelekezo kutoka London, ili afuge kondoo. Wafugaji wengine hawakungoja kugawiwa: waliswaga mifugo kuelekea bara, wakajenga, serikali ikafuata nyuma kuwaandikia leseni. Mwaka 1835 yupo mmoja, John Batman, aliyedai kwamba ameinunua ardhi ya Wakulin, ile ambayo sehemu yake leo ni Melbourne, kwa mablanketi, visu na vikorokoro vingine. Utapeli mtupu, lakini angalau alikiri kwamba ipo na mwenyewe. Gavana Bourke akaubatilisha mkataba ule, na wala si kwa kuwaonea huruma Wakulin. Alisema ardhi yote ni ya mfalme wa Uingereza, hivyo wao hawakuwa na cha kuuza.

Sasa twende mtaani kwako. Ile bustani ya Doonside mnakochomea nyama siku za sikukuu inaitwa Nurragingy. Hilo ni jina la mtu. Mwaka 1816 Gavana Lachlan Macquarie alituma wanajeshi kuwasaka wenyeji pembezoni mwa Sydney, na tarehe 17 Aprili, huko Appin, waliuawa watu wasiopungua 14, wanawake na watoto wakiwemo. Nurragingy na mwenzake Colebee walikuwa wameisaidia serikali katika misako ya mwaka ule, na Macquarie akawazawadia ekari 30 karibu na South Creek. Inahesabiwa kuwa ndiyo hati ya kwanza Waingereza kumwandikia Mwaborijini. Zile ekari zilikuwa ndani ya nchi yao wenyewe, ya Wadharug, na ukubwa wake ni sawasawa na zile za mfungwa Ruse. Makazi yaliyoota hapo, pamoja na shule ya watoto wa wenyeji iliyohamishiwa jirani mwaka 1823, ndiyo yaliyoupa mji wako jina la Blacktown.

Colebee alikuwa na dada, Maria. Msichana huyu alisoma katika shule hiyo ilipokuwa bado Parramatta, na mwaka 1819 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani uliowakutanisha na watoto wa Kizungu karibu mia. Akaolewa na Robert Lock, mfungwa fundi seremala. Mwaka 1831 akamwandikia gavana barua ya kuomba ardhi ya marehemu kaka yake. Usidhani alijibiwa upesi. Alisubiri hadi 1843 ndipo zile ekari 30 zikaandikwa kwake. Alipofariki mwaka 1878 zikagawanywa kwa watoto wake tisa, mirathi ya kawaida kabisa, kama ya kwetu. Wajukuu wakaishi pale. Kisha, ilipokaribia 1920, serikali ikaanza kuihesabu ardhi ile kuwa hifadhi ya wenyeji badala ya mali ya ukoo, na bodi iliyokuwa ikijiita ya kuwalinda Waaborijini ikaifuta hifadhi. Familia ikatoka.

Soma tena hapo, mpwa wangu. Mimi nimekutana na hati mbili juu ya kiwanja kimoja, nimekutana na ofa za kughushi, na nimekutana na mwenyekiti wa kijiji aliyeuza makaburi. Hawa walikuwa na hati halali ya gavana, na mirathi iliyopita vizazi, wakaambiwa kumbe ilikuwa hisani. Kinachonikera katika sauti yako ni hicho: unazungumza juu ya watu wa Blacktown kana kwamba hawajawahi kufuata utaratibu.

Misitu na viwanja vitupu unavyosikia wamepewa siku hizi, sehemu kubwa inatokana na sheria ya New South Wales ya mwaka 1983. Mabaraza ya ardhi ya Waaborijini yanaruhusiwa kudai ardhi ya serikali isiyotumika na isiyohitajiwa kwa shughuli ya umma. Makombo, kwa lugha nyingine. Madai yaliyokaa kwenye makabati bila kuamuliwa ni maelfu kwa maelfu. Na ile shule ya zamani ya Blacktown, eneo lake lilirudishwa kwa Wadharug mwaka 2018.

Njia nyingine ni kudai haki ya kimila mahakamani, na hapo ndipo mimi kama mtu wa ardhi ninapochoka kabisa. Mdai lazima athibitishe kwamba ukoo wake umeendelea kushika mila na desturi za ardhi ile bila kukatika tangu Mwingereza alipotangaza kuitawala. Ukifukuzwa, ukafungiwa misheni, watoto wako wakachukuliwa, lugha ikapigwa marufuku, basi umekatika. Wayorta Yorta wa mto Murray walishindwa hivyo. Jaji wa kwanza, mwaka 1998, aliyapa uzito zaidi maandishi ya Edward Curr kuliko maneno ya wazee wao. Curr ni nani? Ni mfugaji wa Kizungu aliyeingia kwenye ardhi yao na kondoo miaka ya 1840, uzeeni akaandika kumbukumbu zake. Mahakama Kuu ikaibariki hukumu hiyo mwaka 2002. Huku kwetu mzee akilionyesha baraza kaburi la babu yake na mwembe alioupanda, maneno yake yanaingia kwenye kumbukumbu za shauri kama ushahidi. Hatujafika mbali, nakubali, na Mwingereza alituandikia sheria yake ya 1923 iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya gavana. Lakini mzee anasikilizwa.

Nikupe na moja ambalo nadhani hulijui, uwasimulie jirani zako Wakongo. Katika ile hukumu ya Mabo, Jaji Brennan aliegemea maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Hague kuhusu Sahara Magharibi, ya mwaka 1975. Ndani yake akanukuu hoja za mwakilishi wa Zaire, Bayona-Ba-Meya, aliyeikataa dhana kwamba kuna nchi zisizo na mwenyewe, akaeleza kwamba mtu ametoka katika ardhi aliyozaliwa, amefungamana nayo, na siku moja atairudia aungane na wahenga wake. Maneno ya Mkongo yamo katika hukumu iliyobadilisha sheria ya ardhi ya Australia. Ukiyasoma utadhani anaongea bibi yako kule Matombo.

La mwisho ni la juzijuzi. Huko kaskazini, rasi ya Gove, Wayolngu walipeleka bungeni maombi yaliyobandikwa kwenye magome ya mti mwaka 1963, kupinga uchimbaji wa boksiti, madini ya kutengenezea alumini, kwenye ardhi yao. Mgodi ukachimbwa. Wakaenda mahakamani, mwaka 1971 wakashindwa. Jaji alikiri kwamba wana mfumo wa sheria ulio wazi, ila hakuona kwamba huo unawapa umiliki. Machi 2025, Mahakama Kuu iliamua katika kesi iliyofunguliwa na marehemu Galarrwuy Yunupingu, kwa niaba ya Gumatj, mojawapo ya koo za Wayolngu, kwamba haki yao ya kimila ni mali kama mali nyingine, na serikali ya shirikisho ikiichukua, katiba inaitaka ilipe fidia ya haki. Kiasi ni suala jingine la kuamuliwa.

Italipa serikali ya shirikisho, na serikali hiyo inakata kodi kwenye mshahara wako. Kwa hiyo ndiyo, senti zako chache zitakwenda Gove. Mama yako anasema zikikatwa usitutumie sauti nyingine.

Mjomba wako,
Morogoro