Mamdogo, njoo Mbeya: nyama hamna, mbwa yupo

Shikamoo mamdogo,

Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kukohoa simu ikakatika, nikaona nikujibu hapa hapa hadharani maana si wewe peke yako, mjomba kauliza, dada wa Morogoro kauliza, na wote mna maswali mawili yale yale. La kwanza, tukija kwako tutakula nini sasa kama umeacha nyama, samaki, mayai mpaka maziwa. La pili, hilo limbwa umelitoa wapi na je linang'ata.

Naanza na chakula kwa sababu nakujua, tumbo ndo litakaloamua kama unapanda basi au hupandi.

Yaani watu wakisikia fulani kawa vegani wanajua atakuwa anatafuna majani mabichi na vitu vya kopo vya supamaketi za wenye hela. Mimi supamaketi naingia kununua sabuni. Wali wa mchele wa Kyela na maharage ya nazi, humo nyama iko wapi? Kisamvu cha karanga je? Makande? Mbalaga, zile ndizi za kupika za Tukuyu, nikiziunga na nazi na njegere, utaniambia umekosa nini? Asubuhi uji wa ulezi au viazi vya kuchemsha na parachichi na kachumbari yenye limau ya kutosha. Chapati nakanda kwa maji ya moto na mafuta ya alizeti, na maandazi naweka tui badala ya maziwa na mayai, we mwenyewe ulikuwa unafanya hivyo tukiwa wadogo hela ya mayai ikikosekana na hakuna aliyelalamika.

Ila kuna jambo la huku nikuandae mapema. Maharage ya Mbeya hayaivi haraka kama ya Mbagala, na kosa sio la maharage. Mji uko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kwako ni nyuzi 100, huku ni 94 hivi. Kwa hiyo sufuria inatokota kwa mbwembwe zote lakini joto lenyewe pungufu. Wageni wa Dar wakiona hivyo wanaongeza mkaa, sasa mkaa utafanya nini, maji yakishachemka ndo yamefika hapo, ukiongeza moto unayakausha tu. Kinachosaidia ni kuloweka toka usiku, au presha kuka ambayo inabana mvuke na kupandisha joto humo ndani. Mimi nina ya zamani inayopiga miluzi, usishtuke.

Maharage nanunua Uyole kwa mama mmoja anayepima kwa sado, nachukua yale ya njano. Naangalia mng'ao. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yanafifia, na hayo ndo yanayomaliza mkaa wa watu. Nikiloweka, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nachemsha kwa nguvu. Na hili la kuchemsha kwa nguvu usilichukulie poa hasa kwa yale mekundu makubwa, yakiwa hayajaiva yana sumu yake ya asili ambayo itakutapisha na kukuharisha, kwa hiyo kabla ya kuyahamishia kwenye moto mdogo au kwenye kapu la kutunza joto lazima yatokote haswa dakika 10 au zaidi. Yakishaiva ndo naunga, kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, nyanya ziive zipotee kabisa, karoti, hoho, tui jepesi, halafu mwisho kabisa tui zito. Hapo mwiko hauachwi. Unakoroga taratibu, hufuniki, likianza tu kupandisha mapovu ya pembeni unaepua, ukiliacha lichemke sana linakatika unabaki na maji huku na mafuta kule.

Majani ya maboga nayo usije ukaniambia ni mboga ya shida. Yanataka muda. Unashika kikonyo, unavunja ncha, unavuta zile nyuzi mpaka chini zinatoka kama uzi wa kushonea, ukiruka hatua hiyo unakula kamba. Karanga nasaga mwenyewe kwa kinu, nusu laini nusu za kung'atika, unga wa karanga wa pakiti mi siupendi, unanuka pakiti.

Chai ndo najua itakuwa ugomvi. Mimi nakunywa ya rangi, tangawizi na mchaichai, au nikijisikia natengeneza maziwa ya soya, naloweka, nafikicha maganda, nasaga, nachuja kwa kitambaa, nachemsha huku nimesimama hapo hapo maana yakifurika ni balaa, mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Lakini we sikulazimishi. Jirani ana ng'ombe, maziwa yako yatakuwepo kila asubuhi, na mayai ukitaka kayakaange. Jikoni kwangu mgeni hapewi mtihani.

Na ile ya "utaishiwa damu" nimeisikia. Una hoja, tena hapa nakuunga mkono kuliko wenzangu wengi wanaojifanya mboga zinamaliza kila kitu. Vitamini B12 kwenye mimea hamna ya kutegemea, iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ukivikosa vyote mwili unatumia akiba yake, inaweza kuchukua hata miaka kabla hujaona kitu, halafu ndo unaanza kuchoka, ganzi ya miguu, damu inapungua kweli. Kwa hiyo nameza vidonge, na sio siri. Madini ya chuma nayatafuta kwenye maharage, dengu na mboga za kijani, na ndo maana limau au nyanya haikosekani mezani, inasaidia mwili kuyachukua. Chai nakunywa mbali na chakula, kwa sababu chai inazuia. Hilo hata wewe unayekula nyama lingekufaa, maana nakufahamu, wali mkono huu kikombe mkono huu.

Haya. Mbwa.

Anaitwa Komando, jina kaja nalo. Ni mbwa koko wa kawaida, kahawia, mguu mmoja mweupe, sikio limekatika kidogo kwenye ncha. Mwenye naye alikuwa mtaa wa juu yetu, kahamia Dodoma, akawa anatafuta wa kumwachia, na mbwa maisha yake yote alikuwa kafungwa mnyororo kwenye mparachichi, kazi yake kubweka usiku. Nikamchukua. Hakuna stori kubwa zaidi ya hapo.

Najua lile kovu la kwenye shavu la mguu wako, kwa hiyo sikucheki. Nianze na unachotaka kusikia: kachanjwa kichaa cha mbwa, kadi ipo nitakuonyesha, na tunarudia kila mwaka, dawa ya minyoo pia anapewa. Kichaa cha mbwa sio cha kufanyia mzaha, dalili zikishaanza kwa mtu ni nadra mno kupona, ila chanjo ikiwahiwa inazuia. Na hili liweke kichwani hata ukiwa huko kwako na mbwa wa mtaani: uking'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano. Mambo ya kupaka pilipili au mafuta ya taa achana nayo.

Sasa hivi bado anazoea. Kuna kipimo watu wanaohudumia mbwa wa kuasili wanakitumia, siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kujifunza ratiba, miezi mitatu ndo anajua hapa ni kwao. Sio sheria, mbwa na mbwa wanatofautiana, ila kwa Komando imekaribia ukweli. Mwanzoni alijibanza chini ya meza ya jikoni, hali mbele ya mtu, maji anakunywa usiku tu, taa zikizimwa namsikia ulimi unavyopiga kwenye bakuli. Sikumvuta. Sikumwogesha. Wageni niliwaambia wasije kwanza. Nilimwekea blanketi kuukuu juu ya gunia kwenye kona isiyopitwa na watu, chakula saa zile zile, bakuli lile lile, kujisaidia namtoa kwa kamba mpaka sehemu ile ile nyuma ya migomba. Inaboa, lakini mbwa mwenye wasiwasi anapona kwa kuboreka, akishajua kitakachofuata anatulia. Bodaboda zikipita bado anashtuka, na ukinyanyua ufagio analala chini anafumba macho. Kwa hiyo mamdogo, kufagia niachie mimi. Najua utafurahi kusikia hilo.

Ukifika usimkimbie wala usipige yowe, ukikimbia na yeye atakimbia nyuma yako, ndo alivyoumbwa. Usimkazie macho, usimwinamie, usimshike kichwani. Pita, kaa kwenye kiti, ongea na mimi kama hayupo. Atakuja mwenyewe kunusa miguu na begi, mwache anuse. Ukimwona anajilamba mdomo hakuna chakula, anapiga miayo hana usingizi, anageuza uso pembeni huku weupe wa jicho unaonekana, huyo anakwambia nipe nafasi, na mkia kutikisika sio kila mara ni furaha, angalia mwili wote, ukiwa umekakamaa mwache. Akiwa anakula usimsogelee. Usiku wewe unalala chumbani mlango umefungwa, yeye jikoni. Majirani wanacheka kwamba mbwa analala ndani, wacheke tu, Juni na Julai usiku huku unashuka chini ya nyuzi 10 na yule ana manyoya mafupi.

Swali lako la mtego nalo nimelisikia, eti "na mbwa naye umemlisha kiapo chako?" Hapana. Anakula ugali laini wa dona na dagaa wa Ziwa Nyasa, waliooshwa, wamechemshwa bila chumvi, na boga au karoti. Ndiyo, nanunua dagaa mimi niliyeacha samaki, nanunua na kuchagua nachagua, harufu yake navumilia. Tofauti na paka ambaye bila nyama hawezi kabisa, mbwa wanga anaumeng'enya vizuri, kakaa na binadamu maelfu ya miaka, na wapo wanaolisha mbwa wao mimea mitupu, lakini hapo unahitaji mtaalamu wa kukupangia kila kirutubisho, mimi huyo sina. Na kuacha nyama niliamua mimi. Komando hakuwepo kwenye kikao.

Tena makombo yangu ndo hatari kwake. Utakuwa na huruma, utataka kumwekea maharage yaliyobaki, tafadhali usithubutu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hapa kwangu hakuna sufuria isiyo na kitunguu. Zabibu kavu za kwenye pilau hapana, chokoleti hapana, makadamia hapana, na nalisema hilo la makadamia kwa sababu Rungwe wanalima na watu wanazileta zawadi. Kokwa la parachichi linaweza kumkaba au kuziba utumbo, litupe mbali. Na ukijibebea kuku wako wa njiani, mifupa usimpe, iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha.

Safari yenyewe ni kilomita 800 na ushee, panda la alfajiri, weka sweta juu ya begi sio chini. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni nichukulie vitunguu vya kutosha. Samaki wa Feri usihangaike nao, nachotaka ni nazi, nazi nzito za Mbagala ambazo ukitikisa unasikia maji, maana huku zinafika bei imeshachangamka na nyingine zimeoza ndani. Kama unaweza kumi lete kumi, mbuzi ya kukunia ninayo. Ukikaribia Uyole nibip, nakuja na bajaji kukupokea, Komando nitamwacha nyumbani.