Usimeze na chai, mdogo wangu

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Mdogo wangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji, mama na mwanangu mdogo. Mimi sijambo, baridi ndiyo imeanza kukaza. Ama baada ya salamu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu tangu juzi. Ningeweza kukujibu kwa sauti vile vile, ila maneno ya simu yanapita tu. Haya nataka uyasome taratibu, umsomee na mama, kisha uyabandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Jirani yangu anakuja Tanga wiki ijayo, ndiye atakayeleta.

Umesema kliniki wamekupima wingi wa damu, ikatoka 9.2, na mimba ina miezi mitano. Mjamzito anatakiwa awe karibu na 11, kwa hiyo wamekupa vidonge vya damu, yaani vya madini ya chuma. Umemeza siku sita ukaacha, maana kichefuchefu hakikuachi na choo kimekuwa cheusi kama mkaa. Ukamalizia: "Dada, hivi vya kwetu vinanichafua tumbo, nitumie vya huko."

Vidonge sitakutumia, na naomba usinielewe vibaya. Angalia pakiti yako, utaona imeandikwa ferasi salfeti miligramu 200. Ndani ya hizo 200, chuma chenyewe ni kama 65. Daktari wa huku aliponiandikia mimi, alinipa cha jamii hiyo hiyo na chuma kiasi hicho hicho. Makopo mazuri ya vitamini unayoyaona madukani huku, mengi yana miligramu 14 tu. Ningekutumia hayo ungefurahia kopo, na damu ingebaki pale pale.

Kuna jambo sikuwaambia. Mwaka wangu wa kwanza huku niliumwa. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na kupanda ngazi za ghorofa moja nilikuwa nasimama katikati nivute pumzi. Nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo. Halafu barafu! Nilikuwa nikitoa vipande vya barafu kwenye friji natafuna bakuli zima, usiku wa baridi, meno yanauma na siwezi kuacha. Nilidhani ni uchovu wa kazi. Waliponipima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 6. Ikishuka chini ya 15, mtu mzima anahesabiwa amekaukiwa.

Nikapewa vidonge, nikameza kila siku bila kukosa. Baada ya miezi miwili nikapimwa tena: 9. Nililia pale pale kwenye kiti. Nikaenda kwa mfamasia, mama mmoja wa makamo, nikamwambia dawa hazifanyi kazi. Hakuniuliza nameza vingapi. Aliniuliza nameza na nini.

Nilikuwa nameza na chai. Nikitoka zamu asubuhi nilikuwa napika chai kama ya mama, majani mengi, maziwa, tangawizi, nainjika mpaka ipande mara mbili, na kidonge nakisukuma kwa funda la kwanza. Akanieleza kwamba ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa chai iliyokolea ndio unaokikamata chuma tumboni, kisha vinatoka pamoja chooni. Maziwa nayo yana kalisi, na kalisi inazuia chuma kupita. Kwa hiyo kikombe chetu kile tunachokipenda kina vizuizi viwili kwa pamoja. Kahawa ni hivyo hivyo.

Sikwambii uache chai. Najua asubuhi ya Muheza bila chai na mihogo si asubuhi. Nakwambia uitenge na kidonge. Ukiamka kabla hujala, meza kwa maji, kisha subiri saa nzima ndipo unywe chai. Au meza saa nne hivi, ikiwa ulikunywa chai yako saa mbili. Ukipata chungwa, likamue umezee hilo, na nyinyi Muheza kwa machungwa mmejaliwa. Lakini siku ambayo hakuna chungwa usikiache kidonge, maji matupu yanatosha kabisa. Faida kubwa ya chungwa na ndimu iko kwenye chakula: kamulia ndimu kwenye mchicha au maharage, ule pamoja na uono au kipande cha nyama, na chuma kilichomo kwenye mboga kitapita kwa urahisi zaidi.

Sasa kichefuchefu. Kidonge hiki kinafyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, ni kweli, ila tumbo tupu ndilo linalochafuka. Kama asubuhi huwezi, meza usiku, zikishapita saa mbili tangu ule, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze hapo hapo kwa sababu kikikwama kooni kinaunguza. Bado huwezi? Kula kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, umezee hapo. Chuma kitakachofyonzwa kitapungua, lakini hicho kidogo ni bora mara nyingi kuliko kidonge kinacholala kabatini. Ukishindwa kote huko, rudi kwa nesi umwambie, akubadilishie aina au kiasi. Usiache kimya kimya kama ulivyofanya.

Na huo weusi wa choo usikutishe. Ni chuma kilichobaki kinachotoka, wengi wanaomeza wanauona. Cha kutisha ni choo kinachonata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au chenye damu, au tumbo kukata vibaya. Hapo unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga.

Siku ukisahau, usimeze viwili kesho yake. Mwili wetu una mlinzi wa chuma, homoni itokayo kwenye ini inayoitwa hepsidini. Ukishameza dozi kubwa, mlinzi anafunga mlango kwa muda wa siku nzima hivi, na kidonge cha pili kinachofuata haraka kinakuta pamefungwa, kinabaki kukuchafua tumbo. Watafiti wa Zürich, Uswisi, waliwapa wanawake wenye upungufu wa chuma vidonge siku moja na kuacha siku moja, wakaona kila kidonge kinafyonzwa vizuri zaidi. Mimi daktari alinihamishia kwenye mpango huo, na ndio uliotuliza tumbo langu. Lakini mimi sikuwa na mimba. Wewe wamekwambia kila siku, basi ni kila siku, mpaka nesi mwenyewe aseme vingine.

Nimesikia pia unakula ule udongo wa gengeni mnaouita pemba. Sikulaumu hata kidogo, wewe na udongo wako ni kama mimi na barafu yangu: mwili ukikosa chuma unatamani vitu vya ajabu. Ila udongo wenyewe unaweza kukinasa chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Jitahidi upunguze. Damu ikianza kupanda utaona hamu yenyewe inakwisha, yangu iliondoka ndani ya wiki chache. Kliniki waulize pia kama umeshapewa dawa ya minyoo, inaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Minyoo ya safura inanyonya damu kila siku, na ukijaza ndoo iliyotoboka hutaiona ikijaa.

Shangazi amekununulia foliki asidi, ile vitamini ya wajawazito, ya miligramu 5 duka la dawa. Mshukuru sana, halafu usizimeze kabla hujazipeleka kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.4 kwa siku kwa mjamzito, na vidonge vya damu vya kliniki vina foliki asidi tayari. Ile ya 5 inadhoofisha SP, dawa unayomezeshwa kliniki ya kukukinga na malaria. Wapo wanawake ambao daktari huwaandikia hiyo 5 kwa sababu maalumu, kwa hiyo mwache aamue yeye. Vidonge vya kiungulia navyo usivimeze wakati mmoja na vya damu, viache viachane kwa saa mbili au zaidi.

Mama, hapa nasema na wewe, na unisamehe mwanao. Juisi ya rozela na ya viazisukari vyekundu mpe, anywe na afurahi. Isichukue tu nafasi ya kidonge, maana kwa damu ya 9.2 juisi peke yake haifiki.

Sasa lililoninyima usingizi. Umesema mwanangu naye anaonekana hana damu, macho meupe, na umefikiria kumpa nusu kidonge chako. Usimpe. Usimpe hata robo.

Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika hapo hapo karibu yenu, kisiwani Pemba. Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, waligawanywa: wengine wakapewa chuma na foliki asidi kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Kila mtu alitarajia wa chuma watanawiri. Ikabidi wasitishe kuwapa chuma kabla ya muda, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakilazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na chuma kilichomwagwa bila kupima kilikutana na malaria kwenye miili ya watoto wadogo. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Kwa hiyo mpeleke akapimwe: wingi wa damu, malaria, minyoo, na selimundu. Unamkumbuka mtoto wa baba mdogo, jinsi alivyokuwa akiongezewa damu? Mwenye selimundu anaweza kuwa na damu ndogo huku chuma kimemjaa, na kumwongezea ni kumdhuru. Akionekana kweli anahitaji, watampa dawa ya maji kwa uzito wake, na watakuelekeza kuhusu chandarua na malaria.

Na vidonge vyako viko wapi? Kwenye ile video niliviona juu ya meza, karibu na bakuli la sukari. Vina rangi na ganda tamu, mtoto wa miaka miwili anaona pipi. Kwa mtoto wa kilo 11, vidonge vinne vinaweza kumtia sumu, na kumi vinaweza kumuua. Kumi ni viganja vyake viwili tu. Akivimeza, atatapika na kuharisha, pengine damu, kisha anaweza kutulia kwa saa kadhaa ukadhani amepona. Ule utulivu usikudanganye. Usimtapishe nyumbani, usingoje dalili, chukua mtoto na pakiti mwende hospitali, uwaambie vimepungua vingapi.

Wewe rudi ukapimwe baada ya wiki nne. Kwa kumeza vizuri inatakiwa ipande kwa 1 au 2. Ikigoma, wapo wanaowekewa chuma kwa mshipa, uliza mapema usisubiri mwezi wa tisa. Moyo ukikuenda mbio umekaa, au pumzi zikikata, usingoje wiki hizo nne. Na ukishajifungua salama, inshallah, usiache siku hiyo hiyo. Endelea wiki 6 hadi 12, kama watakavyokuelekeza.

Nisalimie shangazi, shemeji na majirani wote. Vidonge sikutumi, ila mletaji wa barua ana kisanduku changu cheupe cha kuhifadhia dawa. Mfuniko wake unaubonyeza chini kwanza, ndipo uuzungushe. Pakiti iingie humo nzima nzima, kisha juu ya kabati. Kabla hujaiweka, mpe mwanangu kikiwa kitupu, umkalie pembeni uone kama anaweza kukifungua, halafu unipigie.

Dada yako