Sosi ya Boiardi na nyanya za Ilula

Mhariri,

Kila nyanya zinapoporomoka bei Ilula, mji wa wakulima wa nyanya hapa mkoani Iringa, kilio ni kile kile: tujengewe kiwanda. Sisi wapishi na wasindikaji wa hapa Iringa tunaomba wasomaji wamtazame Ettore Boiardi, mpishi aliyeanza na chupa, kiwanda kikaja baadaye.

Alizaliwa Piacenza, Italia, mwaka 1897. Mwaka 1914 akahamia Marekani, akapika Plaza Hotel, New York, alikokuwa akifanya kazi ndugu yake Paolo. Miaka ya 1920 akafungua mgahawa wake Cleveland, Il Giardino d'Italia. Watu wakishakula tambi waliomba sosi ya kwenda nayo nyumbani, naye akawajazia kwenye chupa za maziwa. Wateja wake wawili, mtu na mkewe waliokuwa na maduka ya vyakula, wakamsaidia kuiingiza madukani, na mwaka 1928 kiwanda kikaanza. Kwa kuwa jina lake liliwashinda Wamarekani kulitamka, kwenye kopo liliandikwa Boy-Ar-Dee. (Wapo wanaozicheka tambi zake laini za kopo. Hata sisi hatuzitetei.)

Mwaka 1938 kazi ilihamia Milton, Pennsylvania, palipokuwa na mashamba ya kumtosheleza nyanya. Alizifuata nyanya shambani. Sisi tunazipakia kwenye matenga hadi Dar es Salaam, na za chini zinafika zimeshakuwa uji.

Hoteli au mgahawa wa Iringa, Makambako au Mbeya unaweza kununua wakati wa msimu na kujaza chupa za mwaka mzima. Ila kazi hii ina masharti. Chagua nyanya zenye nyama nyingi, za aina kama Roma au Tanya, zilizoiva lakini bado ngumu. Zilizooza au zilizotoka kwenye mche uliokufa zina asidi pungufu. Kilo 10 hutoa lita 4 hivi za sosi nyepesi, au 3 na kidogo za nzito. Usikate zote kwanza ndipo uwashe moto. Nyanya iliyokatwa ikikaa, kimeng'enya chake huvunja pektini, yaani kile kinachoishikamanisha sosi, na sosi itajitenga: maji huku, rojo kule. Kata chache, zitie kwenye sufuria inayotokota, ponda, kisha ongeza nyingine kidogo kidogo. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini huliwa na asidi na kuacha ladha ya bati. Chuja ngozi na mbegu, chemsha hadi ipungue theluthi, au nusu kama unataka nzito.

Sasa kwenye hatari. Sosi ya kukaa kabatini lazima pH yake (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi) iwe chini ya 4.6, la sivyo vijidudu vya botulinamu huweza kutengeneza sumu humo bila harufu wala povu. Nyanya huchezea mpakani hapo. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita itiwe robo kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki. Limao la sokoni halitabiriki. Moja kali, jingine maji matupu. Vitunguu, saumu, hoho na mafuta visiingie kwenye chupa. Hivyo hupunguza ukali wa asidi au kuzuia joto. Vikaangwe siku ya kula.

Jaza sosi ya moto kwenye chupa ya moto, acha sentimita 1 na kidogo juu, futa mdomo, funga kwa mfuniko mpya. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, ili chupa zisipasuke, zipange humo, maji yazifunike kwa sentimita 3 hadi 5, kisha uzichemshe.

Wengi hukosea dakika. Cleveland iko mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari, na vitabu vingi vya mapishi vimeandikiwa miji ya namna hiyo. Joto la maji kutokota hushuka nyuzijoto 1 hivi kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Iringa yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi. Dakika 35 za pwani hazitoshi huku. Chupa ya nusu lita ichemke dakika 45 Iringa na Mbeya mjini, na dakika 50 Njombe au popote panapozidi mita 1,800. Hesabu ianze maji yanapotokota tena baada ya kuweka chupa, na moto ukilegea katikati, anza upya.

Kesho yake bonyeza katikati ya mfuniko. Ukidunda, hiyo haikushika: iweke kwenye friji na iliwe wiki hiyo hiyo. Anayetaka kuuza nje ya mlango wake aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo, kisha TBS, shirika la viwango, kwa usajili.

Wapishi na wasindikaji,
Iringa