Mpingo umerudi Tanga, fundi wake yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee klarineti ya besi, chombo cha kupuliza cha mbao chenye sauti nzito. Ninayo moja ya mtumba, mwaka juzi niliikuta kwa muuzaji wa vitu vya Ulaya, sanduku lake limeoza lakini mbao nzima. Nikipiga kwenye harusi Makorora au Ngamiani watu wanasema hiyo saksafoni, na siwalaumu maana shingo na domo lake la chini ni chuma kilichopinda vilevile, na Adolphe Sax aliyeitengeneza vizuri mwaka 1838 ndo huyohuyo aliyekuja kubuni saksafoni.

Sasa hii yangu ina tabia zake. Mwili una vipande viwili, juu na chini, katikati kuna kimkono kinaunganisha vibonyezo vya pande zote, kikikaa upande kidogo tu noti zote za chini zinagoma, kwahiyo kila nikiifunga naangalia hapo kwanza kabla hata sijaweka ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema mdomoni. Kuna pedi moja, yaani kile kifuniko laini cha kuziba tundu, inanata, naibana na karatasi ya sigara dakika moja ndo inaachia. Springi ya kidole gumba ilikufa kwa kutu, upepo wa bahari huku hauachi chuma salama, nikawa nafunga rababendi mpaka fundi baiskeli mmoja akanichomolea uzi mmoja wa waya wa breki, akaukata, akauchomeka, na mpaka leo unafanya kazi, Mungu ambariki. Ridi zake sizipati kwahiyo natumia za saksafoni ya tenori, zinakaa vizuri tu.

Kinachonisumbua zaidi ni mbao yenyewe. Kaskazi ikiwa kali na nyumba ni ya bati, mbao inasinyaa mpaka pete za kwenye maungio zinacheza, masika ikifika inavimba na vipande havitaki kuchomoka. Nikimaliza kupiga lazima nipitishe kitambaa ndani, jasho la pumzi likibaki humo mbao inaweza kupasuka na hapo imekwisha.

Na mbao hiyo Mhariri ni mpingo! Mti wa kwetu, mzito mpaka unazama kwenye maji, unakatwa hapa hapa Tanzania unapelekwa nje wanatengeneza klarineti, halafu ikirudi imechoka hatuna wa kuishika. Nimezunguka Tanga mjini mpaka Muheza sijampata fundi. Mmoja nilimpelekea akabandika pedi na gundi ya viatu, hewa ikawa inavuja kila mahali, ilinichukua wiki mbili kubandua nikiwa na tochi ndani ya bomba usiku kutafuta mwanga unapotokea.

Vijana wa matarumbeta wana vyombo vingi vya hivi vimekufa kabatini kwa pedi moja au springi moja tu, na inaniuma kweli. Naomba TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, wanaofundisha muziki, wafikirie kufundisha na ufundi wa vyombo vya kupuliza, hata kozi ya miezi michache. Na kama kuna mzee aliyestaafu bendi ya polisi au jeshi na anajua kubadilisha pedi, tafadhali ajitokeze kupitia gazeti hili, mimi nitakuja na klarineti yangu na vijana wawili wa kujifunza, nauli na chakula juu yangu.

Mpuliza klarineti,
Makorora, Tanga