Mwanangu, umeshachanjwa?

Lubumbashi, Septemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Tangu tarehe 4 redio haiachi kutaja Bulape, kule Kasai. Ebola imerudi, na kati ya waliokufa kwanza wamo wanne waliokuwa wakihudumia wagonjwa. Najua Kinshasa ni mbali na huko. Lakini wiki ijayo unaingia staji, mafunzo ya kazi, ya maabara, na swali langu la kwenye simu hukulijibu: umeshachanjwa homa ya ini ya B?

Ulisema utaona. Hilo si jibu la mtu anayesoma sayansi za biomedikali. Utotoni hukuipata chanjo hiyo. Dozi ni tatu: ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Umechelewa, lakini anza hivyo hivyo. Kirusi hicho hukaa hai siku 7 ndani ya damu iliyokauka mezani, na sindano ikikuchoma, chenyewe huambukiza kwa urahisi kuliko kile cha UKIMWI.

Ukichomwa, usifiche kwa kumwogopa mkuu wa maabara. Osha kwa maji na sabuni, usikamue, sema siku hiyo hiyo, maana dawa za kuzuia VVU hazingoji kupita saa 72. Sindano usiirudishie kifuniko, itupe moja kwa moja katika boksi la usalama. Sisi wauguzi wa zamani tulifunika kwa mikono miwili, na wanafunzi wangu nao wakajifunza hivyo.

Utaniambia Profesa Muyembe, bingwa wetu wa Ebola, aliwatoa wagonjwa damu bila glavu katika hospitali ya Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipozuka kwetu mara ya kwanza. Kweli, alinawa kwa sabuni na Mungu akamhifadhi. Lakini hospitali ile ile iligawa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wa siku nzima, na kati ya wafanyakazi wake 17 walikufa 11. Wasome na hao.

Baba yako sasa anawasimulia watu wa kanisani masomo yako, yeye aliyetaka usome sheria. Siku ile nami nilinyamaza. Kumbe ulijua unachokitaka, na alama zako zinatupa raha hapa nyumbani. Ndiyo maana nakasirika: kichwa chote hicho, halafu chanjo inakushinda?

Mdogo wako wamemrudisha kwa ajili ya minervali, ile ada ya shule, tumelipa nusu. Makala, makaa ya kupikia, yamepanda bei tena, na umeme ukikatika tunapikia hayo hayo. Mtoto wa jirani anapanda ndege Jumamosi. Nimempa samaki wa kapenta na unga wa mahindi ujipikie bukari, ugali wetu. Umpokee mwenyewe, asihangaike na mizigo.

Pesa niliyotuma jana, ya pango ni ya pango. Iliyobaki ni ya chanjo, si ya nywele. Nitumie picha ya karatasi yake, tarehe ya dozi ya kwanza ionekane vizuri.

Mama yako