Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Takwimu za Mito Yetu na Jedwali Tuliloliondoa

Ndugu wanachama,

Semina za kila robo mwaka zilifanyika, Siku ya Maji Duniani ya tarehe 22 Machi tuliiadhimisha pamoja na wenzetu wa mabonde, na vijana walipata mafunzo ya R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, kama mlivyoarifiwa. Hayo mnayafahamu, sitayarudia.

Kubwa la mwaka huu ni uamuzi wa kamati, ambao niliupendekeza mimi na kuusimamia hadi mwisho, wa kuliondoa jedwali letu la mafuriko ya miaka mia kwa mito yenye kumbukumbu za chini ya miaka 20. Nimesikia mengi. Imesemwa tumewanyima wahandisi nyenzo ya kazi, na kwamba mwenyekiti anadharau kazi ya waasisi. Naomba nisikilizwe.

Mafuriko ya miaka mia ni yale ambayo kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa. Daraja likikaa miaka 50, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Sasa chukueni mto wenye kumbukumbu za miaka 12. Uwezekano kwamba ndani ya miaka hiyo mafuriko ya namna hiyo hayakutokea kabisa ni takriban asilimia 89. Sisi tulikuwa tunapitisha mstari wa Gumbel, kanuni ya takwimu ya kukadiria matukio makubwa ya nadra, kwenye nukta hizo 12, tunauvuta hadi miaka mia, kisha tunaandika namba moja tupu bila kuonyesha upana wa mashaka yake. Mhandisi anaichukua kama ilivyo na kujengea kalavati. Mimi siwezi kutia sahihi hapo.

Na nukta zenyewe zinatoka wapi? Tulipokuwa tunaingiza kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta, nilishika daftari la msoma geji mmoja, yaani mtu anayesoma kipimo cha kimo cha maji mtoni. Ni masika, na kwa siku tisa mfululizo kimo ni kilekile, 1.20, asubuhi na jioni. Siku ya kumi pako wazi, na pembeni ameandika kwa penseli: "Geji imechukuliwa na maji." Siku tuliyoihitaji kuliko zote ndiyo isiyo na namba. Hata pale kimo kilipopatikana, kukigeuza kuwa mita za ujazo kwa sekunde tunategemea vipimo vilivyochukuliwa mto ukiwa umetulia, maana hakuna anayeingia majini na kifaa cha kupimia mkondo huku magogo yanapita.

Wapo waliosema mambo haya ni ya vijito tu. Basi tulitazame Ziwa Victoria, ambalo vipimo vya kimo chake vinaanzia mwaka 1896. Mtu mwenye takwimu za hadi 1960 asingetarajia kwamba mvua za mwishoni mwa 1961 na za miaka iliyofuata zingelipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Kimo cha mwaka ule, mita 13.41 kwenye geji ya Jinja, Uganda, kilipitwa Mei 2020. Hurst, mtaalamu wa maji aliyeifanyia kazi Nile miaka mingi akiwa Misri, alionyesha tangu 1951 kwamba miaka ya maji mengi huandamana, na ya ukame vilevile. Hesabu inayochukulia kila mwaka unajitegemea hailioni hilo.

Kwa wanaouliza watumie nini, jibu lipo: kuunganisha vituo vya eneo lenye tabia moja kwa njia ya wanatakwimu Hosking na Wallis, ili mto wenye miaka michache uazime nguvu kwa majirani, na kuoanisha na makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayotokana na setilaiti na vituo vya mvua, yanayoanzia 1981. Kazi hiyo imeanza.

Linaloniuma ni kwamba kikao cha kulijadili jedwali kiliitishwa kwa mwaliko uliotumwa mara mbili. Viti vingi vilibaki vitupu, na wanaopinga kwa sauti kubwa leo hawakufika wala kutuma udhuru. Barua zao zilikuja baada ya uamuzi kupita. Kamati isingeweza kumngoja kila mtu huku namba zile zikiendelea kunakiliwa kwenye michoro ya madaraja.

Ada nayo ni hivyo hivyo. Walioilipa hawafiki nusu ya wanachama, na wengine wana deni la zaidi ya mwaka mmoja. Fedha hiyo ndiyo inayowalipa vijana wanaoingiza madaftari kwenye kompyuta. Maboksi mengi bado hayajafunguliwa, na mchwa na unyevu havisubiri mtu alipwe mshahara.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kumaliza madaftari ya angalau bonde moja, kutoa jedwali jipya lenye upana wa mashaka mbele ya kila namba, na kuzungumza na vyuo kuhusu somo la takwimu za maji.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mwisho wa mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti